Kidole cha Uwanga

Mjomba wangu Azzan hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Dar es Salaam amekwenda mara nne, zote kwa boti, na zote nne alitapika. Lakini ukimuuliza kisiwa chetu kikoje kwa juu, atakueleza kama mtu aliyeshuka sasa hivi. Majumba ya Michenzani, atasema, yamelala kama rula alizozisahau mtoto wa skuli. Mabati ya Darajani yanamemeta. Na huko mwisho kabisa, Kizimkazi, pomboo wanapita kwenye maji kama sindano inayozama kitambaani na kuibuka, inazama na kuibuka, bila ya uzi kuonekana.

"Umeona wapi, Mjomba?" nilimuuliza siku moja, nikiwa bado mdogo.

"Nnaona," alijibu, wala hakuinua macho kwenye kazi yake.

Kazi yake ni kuchora kofia. Watu wanazijua kofia zilizokwisha kushonwa, lakini hawamjui anayezichora kabla. Mjomba huikunja bafta, kitambaa chake cheupe, mara mbili, akaipima, akakata vipande viwili: duara la juu na ukanda mrefu wa pembeni. Kisha huchora kwa penseli nyota, majani, mawimbi na vijimlango, halafu mkewe, Bi Hamda, huchukua sindano. Ukanda ukilala juu ya meza ni kama njia iliyonyooka isiyofika popote. Ukiukunja, mwisho wake unaukuta mwanzo wake, na jani lililokatika upande huu linakutana na nusu yake upande wa pili. Nilipokuwa mdogo nikidhani huo ni uchawi. Sasa niko Fomu Tatu na bado sina hakika kama si uchawi.

Wanakaa Sokomuhogo, ghorofa ya juu ya nyumba ambayo zamani yote ilikuwa ya babu yake. Siku hizi kila chumba kina wenyewe, na wao wamebakiwa na vyumba viwili na ukumbi mmoja mrefu. Ndani ya ukumbi huo ndimo limo bawa.

Nimelikuta bawa lile tangu sijajua kusoma. Mbavu za mbao zimepangwa moja baada ya nyingine, nyepesi, za rangi ya asali, kuanzia mlangoni mpaka karibu na dirisha. Jua la alasiri likiingia, vivuli vya mbavu vinatambaa ukutani polepole, na ukikaa kimya unaona kama kuna mnyama mkubwa amelala pale anavuta pumzi. Nimefanya kazi nyingi za skuli nimeegemea mnyama huyo.

Habari yake ilianza mwaka 1986. Uwanja wa ndege kulikuwa na ndege ndogo inataka kushonewa vifuniko vya viti, wakaambiwa yuko fundi wa kofia ana mkono mwepesi. Mjomba akaenda. Bandani akaikuta ndege nyengine inatengenezwa, bawa lake limechanika.

"Nikachungulia ndani," hunihadithia, na kila mara huteremsha sauti anapofika hapa. "Hamna kitu, Shahida. Mbavu za mbao tu na upepo. Na juu yake kitambaa. Kitambaa! Kimeshonwa kwa mkono, mshono mmojammoja, mshono nnaoujua mimi. Rubani aliyekuwa pale akanambia, kikishashonwa hupakwa dawa, kikarudi, kikakaza kama ngoma. Nikamwambia, bwana, hiyo sisi twaita uwanga."

Kofia nayo ikishakushonwa hutiwa uwanga, ule wanga wa kukazia nguo, ikavikwa bakuli, ikaanikwa. Kitambaa kinarudi, yaani kinajivuta kikawa kidogo kuliko kilivyokuwa. Kwa hiyo mchoraji kofia hakati ukanda sawa na kichwa cha mtu. Hukata ukazidi kidole kimoja, na uwanga ndio utakaokuja kukila kidole hicho. Mjomba hakuambiwa haya na mtu. Aliyaona kwa baba yake, na mkono wake ukayafanya miaka arubaini bila ya kumuuliza yeye.

Naomba msomaji ukikumbuke kidole hicho. Sisi tulikisahau, na kilitugharimu.

Baada ya siku ile ya bandani, Mjomba aliandika barua kwa chama kimoja cha watu wa Ulaya wanaojitengenezea ndege wenyewe majumbani, kwa kupenda tu. Wakamjibu. Wakampelekea michoro ya kindege cha mtu mmoja. Akaanza kuchonga mbavu, mbili kwa mwaka, tatu mwaka ukiwa mzuri. Na alipofika mwisho wa mbavu, akafungua sanduku kutoa karatasi za ngozi ya bawa, namna ya kulivika, akakuta mchwa wamekula. Zilizobaki zilikuwa kama lesi.

Chama chenyewe hakikuwa na nakala, aliyeichora alishakufa. Wakamwandikia: chora upya kwa kupima mbavu zako, halafu mpe mtu anayejua aitizame.

Akaanza kuchora. Hapo tena macho nayo yakaanza. Penseli ikiteleza haioni. Mistari miwili anaiona mmoja. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, la kulia limeshatanda na la kushoto linafuata, asubiri akomae atolewe.

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mwaka, mwaka na nusu. Na baada ya kutolewa tutaona macho yatarudi kiasi gani."

Mjomba alirudi nyumbani akakaa ukumbini, mkono juu ya ubavu mmoja. "Sitaki kuambiwa na watu bawa langu limekaaje," alisema. "Nataka nilione mimi."

Bi Hamda alikuwa na lake. Kitambaa cha bawa atakishona yeye, kwa sababu hakuna mwengine, na alishaapa mbele yetu sote hatatia hata uzi mmoja mpaka michoro itazamwe na mjuzi. "Mimi sikai eda kwa ajili ya karatasi iliyoliwa na mchwa," alisema. "Ukitaka kufa, kufa kwa homa kama wenzio."

"Hamda, mimi nitaruka chini chini tu."

"Chini chini ndiko kwenye minazi."

Basi mwaka huu, siku chache baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile Idi ya kuchinja, ikaja bahasha ya chama. Ndani yake barua na sidii moja inayong'ara. Mimi ndiye niliyeisoma barua, kwa sababu Kiingereza cha Mjomba kinatosha kuuza kofia tu. Walisema: katika sidii hii zimo programu tatu za kuchorea kwa kompyuta, wanachama wetu wanazitumia zote. Chagua moja ubaki nayo, kwa maana mchoro ulioanzwa kwenye hii haukubali vizuri kuhamia kwenye ile. Mkaguzi wetu atakutazamia mchoro wako bure ukimfikia kabla ya mwisho wa Machi. Ukichelewa, hadi mwakani.

Mwakani. Tulitazamana na Mjomba, na nikaona jicho lake la kulia limeingia ukungu kama kioo cha chumba kinachopikiwa.

"Kompyuta inaweza kukikuza kitu?" akauliza.

"Inakuza, Mjomba. Unafanya mstari ukawa mnene kama kamba."

"Basi mimi nikichorewa kamba nitaiona. Vaa baibui twende."

Tulikwenda kwa Kificho. Kificho ana duka Mkunazini, kompyuta tatu na printa moja, watu huenda kuandikiwa barua na kufungua imeli. Ni kijana mrefu, mwembamba, mzaha hauishi mdomoni.

"Shikamoo, Ami Azzan. Ndege imefika wapi?"

"Marahaba. Imefika dukani kwako."

"Lahaula! Basi ukishakuruka nipungie mkono."

"Nitakudondoshea kofia. Pima kichwa kabisa."

Mimi nikakaa kwenye mausi, Mjomba pembeni yangu, uso karibu uguse kioo. Nikamuuliza, sasa tutajuaje ipi nzuri? Hatukuwa na wa kumuuliza. Barua ilisema chagua, haikusema kwa nini uchague.

Mjomba akafikiri. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka hutabasamu peke yangu darasani. "Ichoree kofia. Kila moja. Kitu kinachoweza kutoka bapa kikawa duara, kisha kikarudi bapa, hicho kitaliweza bawa. Kofia ni bawa lililojiviringa tu."

Akanitajia vipimo kwa kichwa, hakutazama popote. Duara, upana wake sentimita kumi na saba na nukta nane. Ukanda, urefu hamsini na nane, kimo tisa. Nikaandika.

Programu ya kwanza tuliiita Karatasi. Ilichora mistari safi, nyeupe juu ya weusi, na ikaishia hapo. Hukuweza kuukunja ukanda. Ulilala tu.

"Hii ni penseli iliyosoma," akasema Mjomba. "Penseli nnayo."

Ya pili, jamani! Ya pili tuliiita Bibi Harusi. Nilipompa ukanda na duara akavichukua, akaviunganisha, na kofia ikasimama katikati ya kioo ikiwa na kivuli chake na mwangaza wake, ukivuta mausi inageuka kama mtu aliyeitwa jina. Kificho aliwacha mteja wake akaja kusimama nyuma yetu. Nikaigeuza juu chini nikaona ndani yake, kiza kizuri, na nikahisi kama naweza kuingia humo nikakaa. Mjomba alisogeza uso zaidi. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

Ya tatu, tangu kufunguka kwake, ilikuwa mbaya. Rangi ya majivu, vitufe vingi, maandishi madogo. Nikampa vipimo vilevile. Pale ukanda unapokutana na duara pakatoka mstari mwekundu, unawaka na kuzimika, na maneno: kingo hizi hazilingani, zimepishana milimita ishirini na moja. Nikabonyeza endelea. Ikakataa. Nikabonyeza tena. Ikakataa tena, mstari mwekundu palepale.

"Inasemaje?" Mjomba akauliza.

"Inasema umekosea."

"Mimi? Kwenye kofia?" Mjomba alicheka mpaka akashika meza. "Hebu iulize imeshona ngapi."

"Hii ni mnoko," nikasema, kwa maana skuli tunaye mwalimu wa namna hiyo, ukichelewa dakika moja ameshakuandika. Jina likabaki. Mnoko.

Tukachapisha ile ya Bibi Harusi kwenye karatasi, tukakata kwa mkasi wa Kificho, tukagandisha. Ikafunga! Ukanda ulilizunguka duara ukakutana na mwanzo wake bila ya mwanya hata wa wembe. Mjomba akaivaa mbele ya watu wote, na kofia ikamshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kubwa, Ami," Kificho akasema.

"Haijatiwa uwanga," Mjomba akajibu, mtulivu kabisa, na akaivua kwa heshima kama kofia ya kuvaliwa msikitini. "Ndivyo inavyotakiwa. Mwanangu, tumepata."

Nami nilifurahi, sisemi uongo. Nilikuwa nimeshamtaka Bibi Harusi kwa moyo wangu wote.

Kwa wiki tano nzima nikitoka skuli nakula haraka, halafu mimi na Mjomba hao, Mkunazini. Asubuhi yeye alipima mbavu, kisha kwa uzi akapima ngozi ya kuzizunguka, na kuandika kwa tarakimu kubwa kwenye daftari, jioni mimi naingiza. Tulikuwa tunachora mdomo wa bawa, ule upande wa mbele unaokata upepo. Huo hauvikwi kitambaa. Huvikwa plaiwudi nyembamba inayokunjwa juu ya mbavu, na mtu asipoikata sawa bawa zima limepotoka. Umeme ukizimika, mashine ya Kificho ya kuweka umeme ililia kama paka na tukawa na dakika sita za kuhifadhi kazi. Usoni kwa Mjomba mwangaza wa kioo ulikuwa wa buluu. Bawa likageuka mbele yetu, likageuka, laini, linang'aa, na kuna siku nilisahau kabisa kama niko dukani. Nilijiona niko juu yake, nimelala kifudifudi, chini yangu mapaa ya mji na kanzu zimeanikwa, na hakuna mlio wowote isipokuwa upepo unaopita kwenye masikio.

"Shahida," Kificho akaita.

"Naam."

"Mausi imeanguka."

Tarehe ishirini Machi, Jumamosi, tulichapisha ngozi yote ya mdomo kwa ukubwa wake wa kweli. Karatasi arubaini na nne. Tukaziunganisha kwa gundi sakafuni, Bi Hamda akiruka juu yetu kwenda jikoni na kurudi, akinung'unika. Kisha tukainyanyua mimi na Mjomba, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, tukaivika juu ya mbavu taratibu kama watu wanaomfunika mtoto shuka.

Haikukaa.

Ilifika, ikapita. Ilining'inia. Katikati ya kila ubavu na ubavu karatasi ilifanya tumbo, na chini ilizidi ikawa kama pindo la kanzu ya kuazima. Mjomba alipapasa kwa vidole, akarudi mwanzo, akapapasa tena. Nikamwona anatafuta kosa lake kwa mkono kwa sababu jicho halikumwambia.

"Vipimo ni sahihi," alisema. "Nimepima mimi."

"Na kwenye kompyuta ilifunga, Mjomba. Ilifunga vizuri sana."

Akakaa kwenye kiti. Siku kumi na moja zimebaki. Wiki tano zimekwenda, na tumechagua, na tulichokichagua ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na hakikutufaa. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu yeye hakulia. Alitazama upande wa dirisha tu, ambako nadhani aliona mwangaza na si zaidi.

Bi Hamda akatokea jikoni na mwiko mkononi. Akasimama. Akalitazama bawa lililovaa karatasi, juu mpaka chini, kisha akaangua kicheko.

"Ala! Na hili nalo halijatiwa uwanga?"

Alisema kwa kejeli tu. Alishageuka kurudi kwenye chungu chake. Lakini Mjomba aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeguswa bega.

"Umesemaje, Hamda?"

"Nimesema halijatiwa uwanga. Limezidi kama kofia mbichi. Au na mbao nazo utazitia uwanga, baba? Uzianike? Uzivike bakuli?"

"Bakuli kwanza," Mjomba alimsahihisha, lakini hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia, kidole cha shahada. Akakiweka juu ya pindo la karatasi, pale ilipozidi ubavu. Kilienea sawasawa. Akasogea ubavu wa pili, akakiweka. Kikaenea. Wa tatu. Kikaenea.

"Shahida," akasema kwa sauti ndogo. "Kila nilipopima ngozi, nimeongeza kidole."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Sijui. Mkono umeongeza. Mimi sikuwepo."

Nikakimbilia daftari langu la hesabu. Ile kofia ya kwanza: upana wa duara kumi na saba na nukta nane. Mzingo wake, tumefundishwa, unazidisha kwa tatu na nukta kumi na nne. Inatoka hamsini na tano na nukta tisa, na sisi ukanda tuliupa hamsini na nane. Zimepishana milimita ishirini na moja. Nimeziona wapi ishirini na moja? Nimeziona kwa rangi nyekundu, zinawaka na kuzimika, na sisi tunacheka.

"Mjomba, Mnoko alituambia! Siku ya mwanzo kabisa!"

"Na Bibi Harusi?"

Nikafikiri. Bibi Harusi hakusema kitu. Alipewa vipande visivyolingana, naye akalivuta duara kimyakimya mpaka likalingana, ili tumwone mzuri. Ndiyo maana kofia ilifunga. Ndiyo maana ilimshuka Mjomba mpaka nyusini. Na bawa vilevile: alizivimbisha mbavu ndani ya kioo ili ngozi ikae, na mbavu zetu za kweli, za mbao, zilikuwa huku nyumbani zimelala hazina habari.

Nilimweleza hivyo. Nje muadhini aliadhini alasiri, na alipomaliza ndipo Mjomba aliposema.

"Nimeishi na mwanamke miaka thalathini na mbili, kila nikikosea ananambia papo hapo. Na bado nikenda kumchagua yule asiyesema."

"Nimesikia," Bi Hamda alijibu kutoka jikoni.

"Ndiyo nimesema usikie."

Jumapili tukarudi kwa Kificho. Alipoona tunafungua ile ya majivu akashika kichwa. "Ami, mnarudi kwa huyu? Huyu hana hata uso!"

"Uso nnao mimi," Mjomba akasema. "Mwanangu, anza na kofia. Ukanda hamsini na tano na nukta tisa. Kichwa chenyewe, bila ya kidole."

Nikaandika. Ukanda ukajikunja, ule mstari mwekundu ukawaka mara moja, na ukatoweka. Hapakuwa na kivuli wala mwangaza. Kofia ya majivu imesimama kwenye uwanja wa majivu. Nikabonyeza kuikunjua ikalala bapa. Nikabonyeza kuikunja ikasimama, na namba hazikubadilika hata nukta. Sikujua kama kitu kisichobadilika kinaweza kuwa kizuri vile.

Siku zilizobaki hatukuzungumza mengi. Mjomba alipima upya mbavu zote, na safari hii Bi Hamda alikaa kitako mbele yake anauangalia mkono wake. "Umeongeza." "Sijaongeza." "Umeongeza, Azzan, nimekuona." Akapima tena. Mnoko naye kule dukani hakutuhurumia. Kila palipopishana hata nywele alitoa wekundu wake, nasi tulirudi tukatafuta. Mara mbili kosa lilikuwa la kuandika kwangu. Mara moja ubavu wenyewe ulikuwa umechongwa vibaya tangu mwaka tisini, na hakuna aliyejua. Mjomba aliukuza ule mstari mpaka ukawa mnene kama kamba ya nanga, akausogelea kwa jicho la kushoto, akasema, "Huu, nauona." Akauchonga upya.

Tarehe thelathini Machi, saa kumi na moja jioni, tulituma. Kwenye kioo palitokea kijiti kinachojaa polepole, na Kificho alikataza wateja wengine wasiguse kitu. Kilipojaa alipiga makofi. Mjomba alimpa kofia, ya kweli, iliyoshonwa na Bi Hamda. Ilimkaa sawasawa. Sijui alimpima lini.

Jibu lilikuja katikati ya masika, mvua inapiga mabati mpaka ilibidi nilisome kwa kupiga kelele. Mkaguzi alisahihisha mambo mawili: tundu moja la msumari liko karibu mno na ukingo, na gundi ya mdomoni iwe ya aina nyengine. Mengine yote, aliandika, yanalingana, endeleeni.

"Anaitwa nani huyo mkaguzi?" Bi Hamda akauliza.

Nikamtajia. Jina refu, hakuweza kulitamka. Akanawa mikono, akafuta kwa kanga, akachukua sindano na kuitia uzi hapohapo, kama mtu aliyekuwa akingojea aitwe.

Plaiwudi ilikatwa bila ya kidole, nayo ilikaa juu ya mdomo wa bawa kama ngozi juu ya mkono. Lakini kitambaa cha nyuma Mjomba alikikata mwenyewe, na nilimwona kabla ya kutia mkasi akilaza kidole cha shahada kwenye ukingo, taratibu, kwa kukusudia.

"Hapa ndipo pake," akaniambia.

Bi Hamda ameshona kwa siku kumi na tisa. Jumamosi iliyopita mvua ilipumua, tukafungua madirisha yote ya ukumbi, tukapaka ile dawa. Ilinuka, ikatuumiza vichwa. Kitambaa kilikuwa kimelegea, kina mikunjo, kinapwaya juu ya mbavu, na kwa muda hapakutokea kitu. Mjomba alisogeza kiti karibu kabisa, jicho la kushoto mbele. Halafu mkunjo mmoja, karibu na dirisha, ukafumbuka wenyewe. Kisha wa pili. Mikunjo ikawa inakwenda kama maji yanavyotulia baada ya mtu kupita, kutoka dirishani mpaka mlangoni, mpaka kitambaa chote kikawa kimoja, cheupe, kimetanda.

Mjomba aliweka kidole kwenye ukingo. Hakikuwa na pa kukaa tena. Kile kidole cha ziada kimeliwa chote.

"Nimeliona," alisema.

Akakunja kidole hicho hicho, akagonga kitambaa mara moja. Kikalia kama ngoma, na sauti ikatoka nje kwa dirisha.

"Na hili," Bi Hamda akauliza, akiupima mlango wa ukumbi kwa macho, "litatokaje humu ndani?"

Mjomba alifikiri.

"Mwanangu," akasema, "kamwambie Kificho tunakuja. Tumpe Mnoko vipimo vya dirisha."